Kuvuja Mkojo Si Jambo la Kuvumilia

Msikilizaji, mwanamke anayevuja mkojo huambiwa upesi kwamba ni uzee, au ni kuzaa sana, avumilie tu. Ushauri huo ni mbaya, kwa sababu unaficha matatizo tofauti yenye tiba tofauti.

Yupo anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua ndoo ya maji. Misuli yake ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa ujauzito na uzazi, na mazoezi ya kuikaza kila siku kwa miezi 3 hivi huwasaidia wengi. Yupo anayebanwa ghafla asiwahi chooni: kibofu chake hujikaza kabla ya wakati, na kinaweza kuzoezwa upya au kutulizwa kwa dawa. Mzee wa kiume anayedondosha matone huenda ana tezi dume iliyotanuka.

Lakini anayevuja mchana na usiku, baada ya uchungu uliochukua siku mbili tatu na mara nyingi mtoto akafariki, huyo yaelekea ana fistula. Kichwa cha mtoto kilibana nyama laini kati ya kibofu na uke hadi ikafa, pakabaki tundu. Hakulogwa, wala halipi dhambi yoyote. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewatibu wanawake wa namna hii bila malipo, na hata kutuma nauli kwa M-Pesa ili umaskini usiwazuie kufika.

Mume, mama mkwe, jirani: msimhamishie chumba cha uani. Mpelekeni hospitali.