Ufa wa Tangazo Moja: Mawasiliano, Mafunzo na Uboreshaji Endelevu Kazini

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mafunzo ya siku moja kwa watumishi wa kaunta, watendaji wa kata na wafanyabiashara wadogo.



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita niliandika tangazo la mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeigawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Niliorodhesha viambatisho vyote nilivyovifahamu, kisha tangazo likabandikwa katika kata zote. Siku ya mwisho ya kupokea maombi kilifika kikundi cha akina mama wauza dagaa. Walikuwa wametoka kijijini alfajiri kwa nauli ya kuchangishana, na kila karatasi iliyotajwa katika tangazo langu walikuwa nayo. Karani wa kaunta aliwarudisha, kwa kuwa hawakuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata. Barua hiyo haikutajwa popote katika tangazo. Mtendaji wao alikuwa safarini. Jioni ile pokezi lilifungwa, na kikundi kikalazimika kusubiri awamu nyingine.

Mama aliyekuwa mwenyekiti wao alinionyesha tangazo langu, akaniuliza: “Mwanangu, sasa katika ofisi hii tumwamini nani, karatasi au mtu?” Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, mwelekeo wetu wa kwanza ulikuwa kumtafuta mkosaji. Wapo waliosema kosa ni la karani, wengine wakasema ni langu. Hata hivyo, tungemwandikia mmoja wetu barua ya onyo, kasoro ile ingebaki palepale ikimsubiri mwananchi mwingine.

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota nchini Japani, aliwafundisha wenzake kuuliza “kwa nini” mara tano kabla ya kutibu tatizo. Nasi tulijaribu. Kwa nini akina mama walirudishwa? Kwa sababu walikosa barua. Kwa nini waliikosa? Kwa sababu tangazo halikuitaja. Kwa nini halikuitaja? Kwa sababu nilinakili tangazo la mwaka uliotangulia. Kwa nini nilinakili la zamani? Kwa sababu sikujua kwamba masharti yamebadilika. Kwa nini sikujua? Kwa sababu mabadiliko yaliamuliwa katika kikao cha idara, wala hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuyafikisha kwenye kitengo changu, na mimi sikuwa na utaratibu wa kuuliza kabla ya kubandika.

Tazameni jibu la tano. Halitaji mtu mzembe; linataja njia isiyokuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ulikuwa kati ya chumba cha kikao na meza ya anayeandika tangazo.

Wajapani huita kazi ya kuziba nyufa za namna hiyo kaizen, yaani kufanya mabadiliko madogo madogo ya kuboresha bila kukoma. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida anayeona kasoro huvuta kamba kumwita kiongozi wake, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari wa uzalishaji husimama. Kinachonigusa hapo ni ruhusa kuliko kamba yenyewe: mtu wa chini anaruhusiwa kusema “hapa pana tatizo” bila kuogopa. Je, karani wetu alikuwa na ruhusa hiyo? Baadaye alinieleza kwamba tangu asubuhi alikuwa amewarudisha watu wengine kwa sababu ileile, lakini hakuona kama ni mahali pake kumwambia mkubwa.

Jambo hili si geni nchini. Tangu mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani, JICA, ilianza kuingiza utaratibu wa 5S na kaizen hospitalini, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya mwanzo. Zile S tano kwa Kiswahili ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Anayeweza kuzifuata wodini aweza kuzifuata masjala, dukani, au kwenye karakana ya kuchomelea.

Kuhusu mafunzo, wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani iliandaa mpango wa kuwafundisha wafanyakazi wapya wa viwandani kwa hatua nne, na baada ya vita mpango huo ukapelekwa Japani. Kwanza, mwandae mwanafunzi. Pili, mwonyeshe kazi huku ukimweleza. Tatu, mwache aifanye mwenyewe huku akikueleza anachofanya na sababu yake. Nne, mfuatilie. Wengi wetu, maofisini na madukani, huishia hatua ya pili, kisha tunalalamika kwamba kijana hafundishiki.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti. La kwanza, kila huduma iwe na orodha moja ya masharti, yenye tarehe na cheo cha aliyeithibitisha. Ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo. La pili, kila asubuhi wahudumu wakutane dakika 10, wamesimama, waulizane: jana mteja gani alirudishwa, na kwa nini? La tatu, tangazo lolote lisomwe kwanza na anayekaa kaunta kabla halijabandikwa.

Hili la tatu nimelifanya tangu siku ile. Tangazo la awamu iliyofuata nilimpelekea karani yuleyule. Aliniuliza maswali mawili ambayo sikuwa na majibu yake, nikarudi idarani kuyatafuta. Akina mama wauza dagaa walirudi katika awamu hiyo, na maombi yao yakapokelewa mara moja. Lakini msimu mzima wa biashara walioupoteza hatuwezi kuwarudishia.

Kwa hiyo, kabla hatujatoka ukumbini, kila mmoja wetu aandike jambo moja linalomrudisha mteja wake bure, na jina la mwenzake atakayemweleza kesho asubuhi.