Banda la Uani Nalo ni Nyumba

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu ujenzi wa nyumba ya pili ndani ya kiwanja kimoja cha makazi



Nyumba ya uani si jambo geni. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vinavyotazamana na ukumbi mrefu katikati, imekuwa na ua nyuma yake tangu zamani, na uani ndiko kulikowekwa jiko, choo na bafu. Baadaye vikaongezwa vyumba: kimoja cha kijana aliyekwisha kukua, kingine cha bibi aliyeletwa kutoka kijijini, viwili vya wapangaji ili ada za shule zipatikane. Katika nyumba za maofisa wa enzi ya ukoloni kulikuwa na vyumba vya watumishi, ambavyo mafundi wengine hadi leo huviita boi kota. Kwa hiyo mwenye kiwanja anayefikiria kuongeza banda la vyumba viwili hatendi ajabu. Miji midogo inahitaji vyumba, na ni afadhali itumike ardhi iliyokwisha kupimwa na kufikishiwa maji na umeme kuliko kufyeka shamba jingine.

Matatizo huanza pale banda linapochukuliwa kuwa si nyumba. Mtu aliyepata kibali cha nyumba kubwa miaka kumi iliyopita hudhani kuwa kibali kile kinafunika chochote atakachokijenga ndani ya ukuta wake. Sivyo. Kibali hutolewa kwa michoro iliyowasilishwa. Jengo lisilokuwamo katika michoro hiyo halina kibali, hata liwe la chumba kimoja, hata liwe nyuma ya ukuta ambako mpita njia hawezi kuliona. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, uendelezaji wa ardhi katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji unahitaji idhini ya mamlaka ya mipango. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na huko mlango wa kwanza ni serikali ya kijiji. Wanaoishi kwenye vitongoji vinavyomezwa na mji mdogo ndio wanaochanganyikiwa zaidi, na hawalaumiki; waulize kwanza wako upande gani, kabla ya kumlipa mchoraji.

Ombi la kibali huambatana na uthibitisho wa umiliki, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na seti za michoro. Michoro hiyo huonyesha namba ya kiwanja, ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, matumizi yake, umbali wa jengo hadi kila mpaka, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na majengo, na mahali yatakapokaa mashimo ya majitaka. Banda linapoombewa kibali, nyumba iliyopo nayo huchorwa, kwa kuwa hesabu hufanywa kwa kiwanja kizima.

Hesabu hiyo huwashangaza wengi. Kichukuliwe kwa mfano kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, na ichukuliwe kuwa masharti yake yanaruhusu nusu tu ifunikwe. Nyumba kubwa ina upana wa mita 12 na urefu wa mita 14 kwenda nyuma, yaani mita za mraba 168. Zimesalia 132, nazo zinaonekana nyingi. Lakini nyumba hiyo iliwekwa katikati ya kiwanja: mbele zimebaki mita 8 na nyuma mita 8. Ikitakiwa kuacha mita 3 hadi mpaka wa nyuma na mita 2 baina ya nyumba mbili, kinachobaki ni ukanda wa mita 3, na katika ukanda huohuo kuna shimo la choo la nyumba kubwa. Umbali na asilimia hutofautiana kwa aina ya kiwanja, hivyo tarakimu hizi si za kunakili. Zinaonyesha tu kwamba mita za mraba zinaweza kutosha na nafasi isitoshe. Ofisa mipango miji akija na kamba kabla tofali halijanunuliwa, jawabu hupatikana kwa nusu saa.

Shimo la majitaka ndilo jambo linalowahusu majirani zaidi kuliko jingine lolote. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya watu watano likipokea maji ya watu kumi na mmoja hujaa mapema, na wakati wa masika hufurika kuelekea upande ulio chini, ambao mara nyingi ni uani kwa mtu mwingine. Kama jirani ana kisima, mambo huwa mazito. Kipimo kinachotumiwa sana katika kazi za maji na afya ni mita zisizopungua 30 kati ya shimo la choo na kisima, na katika viwanja vidogo umbali huo huvuka ukuta. Ndiyo sababu ofisa afya hutaka kujua kilichoko nyumba ya pili, si udadisi. Tena iachwe njia ya gari la kunyonya majitaka. Banda likiziba upenyo wote wa pembeni, shimo likijaa litatapishwa kwa ndoo, na kila anayeishi mtaani anajua linatapishwa saa ngapi na kumwagwa wapi.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika michoro, nalo ndilo huleta machozi. Mama ana kiwanja chenye hati kwa jina lake. Mwanawe anayefanya kazi mjini anatuma fedha, linajengwa banda zuri la vyumba vitatu, naye anahamia na mkewe. Mama anafariki. Ndugu wanakaa kikao cha mirathi, na mwana anasema banda ni lake kwa kuwa ndiye aliyelijenga. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi, inahesabu pamoja nayo majengo yaliyoshikamana na ardhi hiyo kwa kudumu. Banda halina hati yake. Linafuata hati ya kiwanja, na hati ni ya mama. Mwana atabaki kuthibitisha mchango wake kwa risiti za saruji na ushahidi wa fundi, kama fundi bado anapatikana.

Dawa yake hupatikana kabla ya msingi kuchimbwa. Mama na mwana waandikiane makubaliano mbele ya wakili, wakieleza nani anagharimia nini na haki gani inabaki kwa nani, na ndugu wengine wajulishwe. Sheria inaruhusu pia watu zaidi ya mmoja kusajiliwa katika ardhi moja, kila mmoja na fungu lake. Kiwanja kikiwa kikubwa cha kutosha, inawezekana kuomba kigawanywe, ingawa mgawanyo huo nao unahitaji idhini. Kuchora mstari kwa chokaa na kuandikiana karatasi ya mauziano hakuzai viwanja viwili.

Kibali kikishatoka, kazi hukaguliwa kwa hatua, kuanzia kupima msingi hadi kabla ya kuhamia. Wenye haraka hupenda kumwita mkaguzi baada ya zege kumwagwa, wakati nondo hazionekani tena, na ukaguzi wa namna hiyo haumsaidii yeyote. Anayejenga bila kibali hungoja alama nyekundu ya X ukutani, na jengo lililokwisha kuezekwa huwa na gharama mbili: ya kulijenga na ya kulibomoa. Kuhusu kodi, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Banda likiwekewa mita yake, mwenye nyumba aulizie mapema makato ya mita hiyo ya pili.

Banda lililokwisha kujengwa bila kibali lisifichwe. Mwenye nalo afike ofisi ya mipango miji na michoro ya hali ilivyo, akikubali kuwa huenda akaambiwa abomoe sehemu au ahamishe shimo. Anayetaka kuanza achukue nakala ya hati, michoro ya zamani ya nyumba kubwa kama ipo, na stakabadhi za kodi ya ardhi, aanzie kwa mtendaji wa kata. Mawe ya mpaka yakiwa hayaonekani, aombe yatafutwe na mpima ardhi, jirani akiwapo.