Acha Kioo, Mwandishi

Waandishi chipukizi wengi humsimamisha msimulizi wao mbele ya kioo, atuhesabie pua, macho na nywele. Nani hujikagua hivyo akiwahi basi? Nyani haoni kundule. Wenziwe ndio waionao.

Katika riwaya ya Jane Eyre ya mwaka 1847, Charlotte Brontë alimwachia Jane ajisimulie. Bado mtoto yatima, mtumishi wa nyumba anayolelewa anasema angehurumiwa lau angekuwa mzuri wa sura. Hapo tumeuona uso wake, na bei anayoulipia.

Basi, mwandishi, konda na amwambie msimulizi wako: “Bonge, lipia viti viwili!” Tutauona mwili wake, na aibu yake tutaionja. Vinginevyo umetupa picha ya kitambulisho tu.