Safari ya Kikundi Katika Nchi ya Luther na Bach

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni majina haya mawili: Luther, Bach. La kwanza twalitamka "Luta". La pili twalitamka "Bakh", kwa kh ile ile ya neno "sabalkheri". Someni pamoja mara mbili.

Leo tutasafiri, wala hatutalipa nauli. Twende Ujerumani tukiwa kikundi, ndani ya basi moja, na mbele yetu amekaa kiongozi wa safari anayeijua njia na habari zake. Safari za namna hii zipo kweli. Watu wa kwaya, walimu, wazee waliostaafu na wengineo hujiunga pamoja, wakazunguka miji michache iliyo karibu karibu. Katika miji hiyo yalitokea mambo mawili makubwa. Watu wa kawaida walipata kitabu katika lugha yao wenyewe, tena walipata nyimbo za kuimba kwa vinywa vyao wenyewe.

Kabla ya kuondoka, andikeni swali hili: Mtu akisomewa tu na wengine, hupata hasara gani? Likumbukeni njiani.

Sasa tazameni ramani, kama darasa lenu linayo. Miji yetu yote iko upande wa mashariki wa katikati ya Ujerumani. Tangu mwaka 1949 hata 1990 nchi hiyo ilikuwa imegawanyika mara mbili, na miji hii yote ilikuwa katika Ujerumani ya Mashariki. Mgeni hakuweza kuingia bila ruhusa maalum, wala wenyeji hawakuweza kutoka wapendavyo. Tarehe 9 Novemba 1989 mpaka ulifunguliwa, na tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ikawa moja. Ndiyo sababu leo basi letu halisimamishwi njiani.

Twaanzia Berlin, mji mkuu. Baada ya kilometa 100 hivi twafika mji mdogo wa Wittenberg, kando ya mto Elbe. Kiongozi wetu atuongoza mpaka Kanisa la Ngome. Hapa Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu, alianzisha mabishano yaliyotikisa Ulaya nzima.

Mabishano yalihusu nini? Siku zile kulikuwa na hati za msamaha. Watu waliambiwa kwamba mtu akitoa fedha akapata hati hiyo, adhabu ya dhambi zake hupunguzwa, hata na ya jamaa zake waliokwisha kufa. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda Roma kujenga kanisa kubwa la Mtakatifu Petro. Hati zenyewe ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Mkulima alitoa fedha yake, akachukua karatasi, asiweze kuisoma. Yeyote aliyepata kutia dole gumba katika karatasi asiyoielewa anajua uchungu wa jambo hilo.

Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alitoa hoja 95 za kupinga biashara hiyo. Husimuliwa kwamba alizigongomea mlangoni pa kanisa hili. Wataalamu wengine hubisha juu ya nyundo na misumari, lakini ni hakika kwamba siku hiyo alimwandikia barua Askofu Mkuu wa Mainz. Mlango wa zamani hatutauona. Uliungua katika vita mwaka 1760. Uliopo sasa ni wa shaba nyeusi, wa mwaka 1858, na hoja zote 95 zimechorwa juu yake. Ndani ya kanisa mna kaburi la Luther.

Si mbali na hapo ni nyumba alimokaa na mkewe, Katharina von Bora. Bibi huyu alikuwa mtawa, akatoroka nyumba ya watawa mwaka 1523, akaolewa na Luther mwaka 1525. Walizaa watoto sita. Nyumba ilijaa wanafunzi na wageni, na aliyeyaendesha yote ni Bibi Katharina: mashamba, mifugo, chakula, hata pombe ya nyumbani alipika mwenyewe.

Sasa kiongozi atusimamisha nje ya Kanisa la Mji, tutazame juu ukutani. Pana sanamu ya mawe iliyochongwa zamani, zaidi ya miaka 700 iliyopita, kuwadhihaki Wayahudi kwa namna ya aibu sana. Luther naye, mwaka 1543, alitoa kitabu cha kuwachukia Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Miaka 400 baadaye, wafuasi wa Hitler waliyatumia maandishi yale. Mwaka 1988 wenyeji waliweka bamba la ukumbusho chini ya sanamu hiyo, kuwakumbuka Wayahudi waliouawa. Wengine walitaka sanamu iondolewe, wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama kuu ya Ujerumani ikaamua kwamba inaweza kubaki pamoja na maelezo yake.

Kiongozi mzuri hapiti hapo haraka haraka. Ajuaye kusoma husoma yote aliyoandika mtu mashuhuri, mazuri na mabaya, kisha hupima mwenyewe.

Haya, tupande basi. Twaelekea Eisleben, mji wa wachimba shaba. Hapa Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483. Siku ya pili yake alibatizwa, akapewa jina la Martin kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin. Baba yake alifanya kazi ya machimbo ya shaba. Tena mji huu huu ndiko alikokufa, tarehe 18 Februari 1546, alipokuja kuwapatanisha mabwana wa nchi hiyo waliokuwa wakigombana.

Kutoka hapo twafika Erfurt. Luther aliingia chuo kikuu cha mji huu mwaka 1501, na baba yake alitaka awe mwanasheria. Lakini mwezi wa Julai 1505, akiwa njiani, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu aliweka nadhiri ya kuwa mtawa. Majuma mawili baadaye alibisha hodi katika nyumba ya watawa, nayo ipo mpaka leo. Wageni huingia wakaona.

Mbele kidogo ni Eisenach. Juu ya kilima twaiona ngome ya Wartburg. Wazee wapande polepole, mlima ni mkali. Mwaka 1521 Luther aliitwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano katika mji wa Worms, akaambiwa ayakane maandishi yake. Alikataa. Kaisari akatoa amri kwamba Luther hana ulinzi wa sheria tena, na yeyote aweza kumkamata. Lakini mtawala wa nchi yake, Friedrich, alimficha katika ngome hii. Luther akafuga ndevu, akavaa kama askari wa farasi, akajiita Jörg.

Humo mafichoni alifanya nini? Alikaa mezani. Katika majuma 11 hivi alifasiri Agano Jipya lote kutoka Kiyunani hata Kijerumani. Biblia za Kijerumani zilikuwako hata kabla yake, lakini zilitokana na Kilatini na maneno yake yalikuwa mazito. Luther alitaka maneno yanayosemwa na mama nyumbani, na watoto njiani, na watu sokoni. Kitabu kilipigwa chapa mwezi wa Septemba 1522, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa lazima kipigwe chapa tena. Biblia nzima ilitoka mwaka 1534, nayo ilisaidia sana kuwaunganisha Wajerumani katika lugha moja ya kuandika.

Chumba chenyewe ni kidogo. Sakafuni mna pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi, iliyotumika kama kibao cha kuwekea miguu. Ukutani pana mahali palipobanduliwa. Watu husimulia kwamba Luther alimtupia shetani kidau cha wino, doa likabaki. Wageni wa zamani walibandua vipande vya ukuta kwenda navyo kwao, hata leo hakuna doa la kuonyeshwa! Basi ninyi msiguse kitu.

Kitabu peke yake hakikutosha, kwani watu wengi hawakujua kusoma. Luther alifanya mambo mawili. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji akiwahimiza wafungue shule, kwa wavulana na kwa wasichana pia. Mwaka ule ule kilitoka kitabu kidogo cha nyimbo nane kwa Kijerumani, na nne kati ya hizo zilikuwa zake. Hapo kwanza, kanisani waliimba zaidi mapadre na kwaya, kwa Kilatini. Sasa mkulima na mjakazi waliimba wenyewe. Asiyejua herufi aliweka maneno moyoni kwa wimbo, na alipofunguliwa kitabu akayatambua maneno aliyokwisha kuyaimba. Hata ninyi, walimu, mnajua kwamba wimbo ni njia nzuri ya kufundisha kusoma.

Tushuke mlima sasa. Katika mji huu huu wa Eisenach, tarehe 21 Machi 1685, alizaliwa Johann Sebastian Bach. Birika alimobatizwa lingalipo katika Kanisa la Mtakatifu Georg. Alisoma katika shule ile ile aliyosoma Luther karibu miaka 200 kabla yake. Alipokuwa na umri wa miaka tisa mama yake alikufa. Mwaka uliofuata, baba naye. Yatima huyo alichukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa, akafundishwa.

Mjini mna nyumba ya makumbusho ya Bach. Wageni hukaa, wakapigiwa vinanda vya zamani. Vinanda vya kanisa vya siku zile havikuwa na umeme. Upepo ulitoka katika mivukuto mikubwa, kama ya mhunzi, na mtu aliikanyaga kwa miguu. Huenda mmoja wenu akaitwa kuikanyaga; asiogope.

Bach alikuwa na kiu ya kujifunza. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20, mwenye kazi katika mji wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya majuma manne. Akaenda kwa miguu kilometa 400 hivi mpaka Lübeck, amsikilize bingwa wa kinanda Dieterich Buxtehude. Majuma manne yakawa miezi minne! Aliporudi wakuu wake walimkasirikia. Lakini alichojifunza hakikupotea.

Kituo chetu cha mwisho ni Leipzig. Hapa Bach alifanya kazi tangu 1723 hata kufa kwake, tarehe 28 Julai 1750. Wakuu wa mji walikuwa wamewataka watu wengine kwanza, wakakosa. Yeye alifundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas, na kwa miaka kadhaa karibu kila Jumapili alitoa muziki mpya. Mkewe Anna Magdalena, wanawe na wanafunzi walisaidia kunakili kwa mkono. Mara nyingi alizijenga kazi zake juu ya nyimbo za kanisa, zile za Luther zikiwamo, kwa hiyo watu walizitambua. Mwisho wa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu, S.D.G., maana yake kwa Kilatini ni "Utukufu kwa Mungu peke yake".

Baada ya kufa kwake kazi zake kubwa hazikusikika sana. Mwaka 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, alikusanya waimbaji mjini Berlin, akaliimbisha tena Teso la Bwana lililotungwa na Bach kwa maneno ya Mathayo. Watu wakastaajabu. Mendelssohn, aliyezaliwa katika jamaa ya Kiyahudi, baadaye aliongoza wapiga muziki wa Leipzig. Mwaka 1936 wafuasi wa Hitler waliiondoa sanamu yake mjini. Nyingine kama ile ilisimamishwa mwaka 2008.

Kaburi la Bach limo katika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Kwaya ya wavulana, iliyoanzishwa mwaka 1212, huimba humo Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, wakati wa shule. Fikeni mapema, wanaume wavue kofia, na msipige picha wakati wa kuimba.

Kutoka Leipzig ndiko walikotoka wamisioni waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Wengi wenu mliozoea nyimbo za Kilutheri mmeimba nyimbo zilizosafiri njia hiyo.

Mwisho, tuingie Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Bach aliimbisha humo pia. Tangu mwaka 1982 watu walikutana hapa kila Jumatatu kuomba amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 askari walikuwa tayari, na watu waliogopa damu. Watu sita wa mji, mmojawapo Kurt Masur, mkuu wa wapiga muziki, walitoa tangazo la kuwasihi wote wasitumie nguvu. Watu 70,000 hivi wakatembea barabarani, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye mpaka ukafunguliwa.

Basi letu limefika mwisho wa safari. Sasa mwalimu aligawe darasa katika vikundi vidogo, mjadiliane:

1. Hati za msamaha ziliandikwa kwa lugha gani, na jambo hilo liliwadhuru nani?
2. Kwa nini Luther alitaka kusikiliza maneno ya mama, watoto na watu wa sokoni?
3. Nyimbo ziliwasaidiaje wasiojua kusoma?
4. Mtu akifanya jema kubwa na baya kubwa, tumsimulie vipi kwa watoto wetu?
5. Jibuni sasa lile swali tuliloandika mwanzoni.

Kila mtu aandike sentensi tatu kwa mkono wake mwenyewe, aje azisome darasani juma lijalo. Kwa herini, wasikilizaji, mpaka somo letu lijalo.