Kanga Aatamiwe na Kuku



Kanga ni mlinzi hodari: akimwona nyoka au mwewe, mji mzima hupata habari. Lakini ni mlezi hafifu. Huvikokota vifaranga vyake katika umande, na kwa baridi ya milima yetu hapa Mhezi vingi hufa. Dawa ni kuku. Apewe mayai ya kanga ayaatamie, wala asiondolewe siku ya 21 kwa kudhaniwa mayai ni viza. Kanga huanguliwa siku ya 26 hadi 28. Mbegu na inunuliwe kwa mfugaji, isitegwe Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Shule zikitangulia, wanakijiji watajifunza kwa kuona.