Tusiuze Rutuba Pamoja na Ndizi

Maelezo ya Idara ya Kilimo kwa wakulima wa migomba, yaliyotolewa katika mkutano wa kata



Kibanja cha Kagera hakikuzaliwa na rutuba, kilijengwa. Wazee wetu walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi, na maganda ya ndizi zilizoliwa nyumbani yakarudi shambani. Leo mikungu hupakiwa kwenye malori, na maganda yake hayarudi. Sehemu nyingi za rweya zimepandwa miti, na kaya nyingi hazina tena ng'ombe. Tani 1 ya mikungu huondoka na takriban kilo 5 za potasiamu, pamoja na naitrojeni isiyofikia nusu ya kiasi hicho. Basi anayeuza ndizi huuza pia sehemu ya kibanja chake, na asiporudisha kitu, watoto wake watarithi mipaka mitupu.

Jambo la kwanza ni mabaki. Baada ya mkungu kukatwa, majani na shina hubaki na akiba kubwa ya potasiamu. Yasichomwe wala kutupwa nje ya shamba. Shina lipasuliwe vipande vyembamba ili likauke upesi, kwa kuwa fukusi wa migomba hujificha na kutaga mayai katika mashina mabichi na visiki. Matandazo yakae umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye mgomba. Yakiusogelea mno, hukaribisha fukusi na kuifanya mizizi ipande juu.

Wengine huuliza kama mabaki apewe ng'ombe au yatandazwe. Njia zote mbili zinafaa, mradi kinachotoka zizini kirudi kibanjani. Izingatiwe kwamba sehemu kubwa ya potasiamu anayoila ng'ombe hutoka katika mkojo. Zizi lisilo na nyasi za kuunyonya, au mfereji wa kuukusanya, hupoteza mbolea bora kila siku.

Jambo la pili ni tahadhari. Mgomba ulioshikwa na mnyauko bakteria, ugonjwa ulioingia mkoani kwetu mwaka 2006, usitumiwe kuwa matandazo wala chakula cha mifugo. Ukatwe usawa wa ardhi, mabaki yake yarundikwe mahali pamoja mbali na migomba mizima, na panga litakaswe kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapojitokeza.

Jambo la tatu ni mbolea ya viwandani. Mbolea hii husaidia mahali ambapo samadi na matandazo havitoshi, lakini haivichukui nafasi yake. Anayeweka urea peke yake mwaka hadi mwaka hurudisha naitrojeni huku potasiamu ikizidi kwisha. Mbolea igawanywe kwa awamu katika mvua za vuli na masika, itawanywe kuzunguka mgomba bila kugusa shina, kisha ifukiwe kidogo kwa udongo. Majivu ya kuni yana potasiamu, lakini yasichanganywe na urea, kwani naitrojeni hupotea hewani.

Ndugu wakulima, kabla ya kununua mfuko wowote, mwoneni afisa ugani wa kata ili mpate ushauri wa kupima udongo. Ruzuku ya mbolea, iliyoanza msimu wa 2022/2023, humfikia mkulima aliyejiandikisha. Hakikisheni taarifa zenu ni sahihi kwa mtendaji wa kijiji. Lakini kupasua shina lililovunwa leo hakuhitaji ruzuku wala kibali. Panga mnalo tayari.