Harufu ya Kuungua Garini Haifukuzwi kwa Manukato

Mada iliyotolewa kwa madereva na wamiliki wa magari katika ukumbi wa Halmashauri



Magari mengi yanayobeba watu na mizigo katika barabara za wilaya yalikwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Mnunuzi hulipokea gari likiwa limeoshwa na kung'arishwa, lakini historia yake haijui: nani alilitengeneza, kitu gani kiliongezwa, waya upi uliguswa. Harufu ya kuungua inapotokea, hana wa kumuuliza. Mada hii ina neno moja kuu: harufu hiyo ni taarifa, nayo sharti isomwe kabla ya kununua kipuri chochote.

Mwalimu mmoja alinunua gari dogo kwa mkopo wa mshahara. Katika mwezi wa pili, harufu ya kuungua ikaanza kusikika ndani. Fundi wa kwanza akabadilisha mkanda wa injini, harufu ikarudi. Fundi wa pili akaosha injini na kubadilisha gasketi ya kifuniko chake cha juu, akisema oili inavuja, harufu ikarudi. Mwalimu akachoka, akatundika manukato kwenye kioo. Fedha za ada ya mtoto zilikuwa zimekwisha kuishia katika vipuri ambavyo havikuwa na kosa.

Aliyefumbua fumbo hilo ni mkewe, ambaye huketi upande wa kushoto. Siku moja alisema, "Baba watoto, mbona mchana hatuisikii harufu hii? Huja tukishawasha taa."

Mwalimu akayapeleka maneno hayo kwa fundi umeme wa magari. Fundi akafungua kisanduku cha fyuzi. Mahali palipoandikwa 15 palikuwa na fyuzi ya kijani, ambayo ni ya amperi 30. Ya amperi 15 huwa ya buluu. Mtu fulani, kabla ya mwalimu, alikuwa ameongeza taa mbili za mbele na kuziunganisha katika waya uleule wa taa za awali. Hesabu yake ni nyepesi. Taa moja ya wati 55 katika umeme wa volti 12 huvuta takriban amperi 4.6. Taa mbili huvuta kama amperi 9. Taa nne huvuta zaidi ya 18. Fyuzi ya 15 ilikuwa ikikatika, kama ilivyopasa. Badala ya kuuliza kwa nini inakatika, mtu huyo aliweka kubwa zaidi. Nyuma ya dashibodi, gamba la plastiki la waya lilikuwa limeanza kuyeyuka. Zingepita safari chache za usiku, na pengine familia hiyo ingelikimbia gari likiwaka.

Fyuzi imefanywa dhaifu kwa makusudi: hukatika yenyewe ili waya usiungue. Anayeiondoa na kuweka kubwa kuliko iliyoandikwa, au kipande cha waya, amemfukuza mlinzi na kumwachia moto mlango wazi.

Kwa hiyo, dereva anaposikia harufu, ajiulize maswali matatu: inafanana na nini, inakuja wakati gani, na inasikika wapi.

Harufu ya plastiki inayoyeyuka ndani ya gari huelekeza kwenye umeme. Dereva azime redio, taa na feni kimoja baada ya kingine, aone harufu inapungua na kipi. Harufu ya mpira, hasa ikiambatana na mlio mkali gari linapowashwa, huelekeza kwenye mkanda uliolegea au kuchakaa. Lakini kwanza achungulie chini ya gari: mfuko au kipande cha kiroba kikinasa kwenye bomba la moshi, nacho huungua na kunuka vivyo hivyo.

Harufu ya oili iliyoungua, inayozidi gari likishasimama, mara nyingi hutokana na oili inayodondokea bomba la moshi lenye joto. Harufu tamutamu ni ya maji ya kupozea injini yanayovuja. Geji ya joto itazamwe mara moja, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Harufu kali karibu na gurudumu moja, baada ya kushuka mlima, ni ya breki. Gurudumu hilo huwa na joto kuliko mengine, na lisiguswe kwa mkono. Katika gari la gia za mkono, harufu inayokuja wakati wa kupanda mlima na mzigo huwa ni ya klachi.

Harufu ya petroli haina mjadala. Gari lizimwe, watu washuke, na asiwepo wa kuwasha kiberiti wala sigara karibu.

Moshi ukionekana, dereva asimame pembeni, azime injini, ashushe abiria wote na kuwasogeza mbali, kisha apige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, ambayo ni ya bure. Boneti isifunguliwe wazi ghafla, kwa kuwa hewa inayoingia huukuza moto. Kizimamoto kikae mahali ambapo mkono wa dereva unafika, si chini ya mizigo.

Ndugu madereva, magari haya ndiyo yanayowabeba wajawazito kwenda vituo vya afya na wanafunzi kurudi nyumbani jioni. Abiria anayesema "kuna kitu kinanuka" asinyamazishwe. Asikilizwe na kuulizwa ameanza kuisikia lini. Dereva aandike jibu hilo katika daftari na kumpelekea fundi. Mwalimu yule alikuwa amelipia mkanda, gasketi na manukato. Kilichomwokoa ni swali la aliyeketi kando yake, ambalo halikumgharimu hata shilingi.